Pazia la Mama

Mama yangu anaishi ghorofa ya tatu, Kariobangi South, Nairobi. Kila siku kabla ya saa moja asubuhi hufungua pazia la sebuleni. Mama mboga aliye ng'ambo ya barabara huinua macho akipanga sukuma wiki yake. Akikuta pazia bado limefungwa, anaacha meza na kupanda ngazi. Aprili alipanda, akamkuta mama sakafuni karibu na choo, leso imelowa, sauti imekauka kwa kuita. Alikuwa hapo tangu saa kumi alfajiri. Bila yule jirani, ningempata jioni nikitoka kazini.

Mpango huo wa pazia waliupanga wao wawili. Baadaye fundi wa kuchomelea alituwekea bomba la kushikilia ukutani mwa choo, na tangu hapo mama hajaanguka tena. Huu ndio ubunifu ninaotaka serikali iutie pesa.

Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na tangu 2018 umefunguliwa kwa waliofikisha miaka 70. Sizidharau hizo hela, maana kuna nyumba ambazo unga unatoka hapo. Lakini shilingi 2,000 haziwezi kumwinua mtu sakafuni. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kutunzwa na familia na serikali. Kwa sasa matunzo ya nyumbani tumeachiwa familia, na ndani ya familia aghalabu ni binti mmoja anayeacha kazi ili amwogeshe mzazi. Hilo linaniuma sana.

Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wa kwetu ni mwenye bidii, anakuja na kumpima mama vizuri, ila ana nyumba kama mia za kuzungukia. Hawezi kukaa apike uji.

Kaunti ya Nairobi na serikali kuu zitenge mfuko wa vikundi vya mtaani: chama cha akina mama, vijana wa ploti, jumuiya ya kanisa au msikiti. Wakiwa na njia yao ya kuwaangalia wazee wa mtaa, wapewe pesa za kuijaribu kwa mwaka mmoja, na fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Walipwe wanaoogesha na kupika. Mafundi walipwe kuweka mabomba vyooni. Kinachofaa Kariobangi kipelekwe Kangemi na Kibera.

Nilipotaka kumlipa mama mboga, alikataa. Aliniambia, "Huyu ni mama yangu pia." Nikanyamaza. Lakini asubuhi ile alikaa na mama hadi saa nne, nilipofika, na wateja wake wote walipita wakakuta meza haina mtu.