Maoni ya Watazamaji Katika Video ya Muziki ya Mwanafunzi: Yafuatwe Hadi Wapi?

Mwanafunzi wa filamu au wa masomo ya habari akipewa kazi ya kutengeneza video ya wimbo, mara nyingi huambiwa pia aionyeshe kwa watu, akusanye maoni yao, kisha airekebishe kabla ya kuikabidhi. Agizo hilo limewagawa walimu na wanafunzi. Wapo wanaosema video ambayo haijapita mbele ya macho ya wengine bado ni nusu ya kazi. Wapo wanaosema maoni ya watu huiondolea kazi ya kijana ladha yake, mwishowe ikafanana na video nyingine zote. Kila upande una hoja nzito, lakini nadhani ugomvi huu hautaisha mpaka tutenganishe mambo ambayo mtazamaji anayajua kweli na mambo ambayo anayabahatisha.

Nianze na wanaoyatetea maoni. Nyani haoni kundule, na mwanafunzi aliyekesha na wimbo mmoja kwenye kompyuta ndiye huyo. Maneno yote anayajua kwa moyo. Anajua kwamba msichana mwenye gauni jekundu katika ubeti wa kwanza ndiye yuleyule mwenye koti na kofia katika ubeti wa pili, kwa sababu ni yeye aliyemvalisha. Mtazamaji hajui. Kwake hao ni wasichana wawili, na wimbo wa watu walioachana unageuka kuwa kisa cha mwanamume mwenye wapenzi wawili. Mwanafunzi akiitazama video hiyo mara mia peke yake hataliona kosa hilo, kwa kuwa kila anapoitazama jibu tayari analo kichwani.

Hili linatokana na jinsi filamu inavyofanya kazi. Kuna jaribio mashuhuri linalohusishwa na mwongozaji filamu Mrusi, Lev Kuleshov, la mwanzoni mwa karne ya 20: uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika hata kidogo, uliunganishwa na picha ya sahani ya supu, kisha ya jeneza, kisha ya mwanamke. Waliotazama waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa. Maana haikuwa usoni, ilizaliwa kichwani mwa mtazamaji picha mbili zilipokutana. Ikiwa ndivyo, basi kumuuliza mtazamaji alichokiona ndiyo njia ya pekee ya kujua video yako inasema nini.

Kuna pia makosa ya kiufundi ambayo jicho geni huyanasa kabla ya mwenye kazi. La wazi zaidi ni midomo isiyokwenda pamoja na sauti. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika mapendekezo yake ya mwaka 1998 lilieleza kwamba mtazamaji huanza kuhisi kasoro sauti inapoitangulia picha kwa takriban milisekunde 45 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Video ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha tuli 25 zinazofuatana, hutumia milisekunde 40 kwa kila fremu. Kwa hiyo sauti ikitangulia kwa fremu mbili tu, kosa tayari linahisika. Lakini sikiliza mtazamaji anavyolieleza: hatasema sauti imetangulia. Atasema, “Kama vile mwimbaji hauimbi wimbo wake mwenyewe,” au, “Huyu mwimbaji hana hisia.” Mwanafunzi akiyachukua maneno hayo yalivyo, atamrudisha mwimbaji mbele ya kamera aimbe kwa uchungu zaidi, wakati dawa ilikuwa kusogeza sauti kidogo kwenye programu ya kuhariri.

Kwa sababu hiyo, wanaopinga wanastahili kusikilizwa kwa makini. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Huyu anataka hadithi zaidi, yule anataka dansi zaidi, wa tatu anaona rangi zimepooza, wa nne anaona zinawaka mno. Mwanafunzi anayetaka kuwaridhisha wote huishia kukata kila kitu kilichomshtua mtu yeyote, na kilichomshtua mtu ndicho mara nyingi kilichokuwa chake mwenyewe. Isitoshe, watu hupima kitu kipya kwa vile walivyovizoea. Video yenye picha moja ndefu isiyokatwa, mwimbaji akiwa amekaa tu, itaitwa “haijaisha” na mtu aliyezoea video zinazokatwa kwa kila mdundo, hata kama utulivu huo ndio unaoubeba wimbo.

Hoja yao ya ndani zaidi ni kwamba watu hawajui sababu za hisia zao. Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliandika kuhusu wanunuzi walioombwa kuchagua soksi ndefu za nailoni zilizo bora kati ya jozi nne. Jozi zote zilikuwa sawasawa kabisa, lakini iliyochaguliwa zaidi ni ile ya mwisho upande wa kulia, kisha watu wakaeleza ubora wa ufumaji wa jozi waliyoichagua. Mwaka 1991 Wilson na Jonathan Schooler waliwapa wanafunzi wa chuo jamu za kuonja. Walioombwa kuchanganua kwanza sababu za kuzipenda au kutozipenda walitoa upangaji uliokuwa mbali zaidi na ule wa wataalamu, kuliko walioonja tu na kupanga. Yaani kumbana mtu kwa maswali ya “kwa nini” humfanya atunge sababu, na zaidi ya hapo huweza kuyavuruga hata maoni aliyokuwa nayo. Dodoso lenye nafasi ya “eleza kwa nini hukupenda” linamwalika mtazamaji abuni.

Tasnia ya filamu ina mfano ambao kila upande huutumia kujitetea. Filamu ya Blade Runner ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio mwaka 1982 kabla ya kutoka. Hawakuielewa vizuri na hawakufurahia mwisho wake. Wenye mamlaka juu ya filamu hiyo wakaamua iwekwe sauti ya mhusika mkuu akisimulia, na mwisho wa furaha. Mwaka 1992 ilitolewa upya bila msimulizi huyo na bila mwisho ule, na leo walio wengi huiheshimu filamu hiyo katika sura isiyo na nyongeza hizo. Wapinzani wa maoni husema: mnaona, watazamaji waliharibu. Mimi nasoma vingine. Watazamaji wale walisema ukweli mtupu kuhusu wao wenyewe, kwamba walipotea. Waliokosea ni waliochagua dawa, tena wakachagua iliyokuwa karibu na mkono.

Hapo ndipo nasimama. Mtazamaji ni shahidi mzuri wa kilichompata: wapi alichoka, wapi alichanganyikiwa, nani alidhani ni nani, wapi mwili ulianza kutikisika wenyewe. Akishafika kwenye ushauri wa nini kifanywe, anakuwa mtu mwingine kabisa, mwongozaji asiye na picha zote na asiyejua kilichobaki kwenye kadi ya kamera. Neno lake la kwanza lipewe uzito mkubwa. La pili liandikwe, liheshimiwe, na litumike tu kama kidokezo cha mahali penye tatizo.

Chukua mfano. Video inaanza na sekunde 40 za mwanamume akitembea kituoni kabla sauti ya mwimbaji haijaingia. Watu watano wanasema mwanzo ni mrefu, na wawili kati yao wanashauri ziwekwe athari za mwanga ili “pachangamke”. Mwanafunzi mvivu ataweka mwanga. Mtiifu atakata hadi sekunde 15. Aliye makini atarudi kwenye wimbo. Una mapigo 100 kwa dakika, maana yake pigo moja kila sekunde 0.6, fremu 15 kwa video ya fremu 25. Akihesabu atakuta miunganisho yake ya mwanzo, pale picha moja inapoipisha nyingine, inaangukia fremu tatu au nne baada ya pigo, kila mara. Jicho linachelewa nyuma ya sikio kwa sekunde 40 mfululizo, na uzito huo ndio watu wanaouita “urefu”. Akiivuta miunganisho ikae kwenye pigo, au itangulie kidogo, huenda mwanzo uleule usio na mwanga wowote ukamalizika bila mtu kuona umepita. Na kama bado utalemea, hapo akate.

Basi namna ya kuuliza ina uzito kuliko idadi ya watu. Swali “umeipenda?” halina faida, maana rafiki atasema ndiyo na mshindani atasema siyo. Muulize mtu: nisimulie ulichokiona. Huyu mwanamke ni nani kwa mwimbaji? Wapi ulitamani kushika simu? Usimweleze chochote kabla hajatazama, na usijitetee anapoongea, ingawa ulimi utawasha. Majibu ya mara ya kwanza yaandikwe peke yake, kwa kuwa mtu huitazama video kwa mara ya kwanza mara moja tu. Na ukiweza, tazama watu badala ya skrini. Vichwa vikiinama mahali palepale kwa watazamaji tofauti, hakuna dodoso litakalokuambia zaidi.

Waandike kabla ya kuzungumza pamoja. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya mwaka 1951, watu waliulizwa mstari upi una urefu sawa na mwingine, jambo linaloonekana wazi, huku kundi lililopangwa likitoa jibu la uongo kwa makusudi. Takriban theluthi moja ya majibu yao ilifuata uongo wa kundi. Kama urefu wa mstari unaweza kusalimu amri hivyo, ladha ya muziki itasalimu mapema zaidi. Mtu wa kwanza kusema “mimi nimeipenda sana” darasani ameshayaandika maoni ya waliobaki.

Angalia pia vyombo. Spika ya bluetooth huweza kuchelewesha sauti, na utaletewa malalamiko ya midomo ambayo hayamo katika video yako. Maandishi yanayosomeka kwenye kompyuta hupotea kwenye simu, na simu ndiko wengi watakakoitazama kazi yenyewe.

Suala la kutoeleweka nalo lisichukuliwe kwa pupa. Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni na vyombo vya habari, katika andiko lake la mwaka 1973, alionyesha kwamba watu huweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali kwa masharti, au kuukataa na kuusoma kinyume. Kwa hiyo mtazamaji aliyeona jambo tofauti na ulilokusudia hajakosea lazima, wala wewe hujakosea lazima. Kinachoamua ni kusudi lako. Hapa nina ushauri ninaousisitiza: kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, mwanafunzi aandike sentensi moja kwa kila sehemu ya wimbo, akisema anataka mtu ahisi au aelewe nini. Ubeti wa pili: aone kwamba amechelewa. Kiitikio cha mwisho: asijue kama wamerudiana. Bila sentensi hizo, mwanafunzi hana cha kulinganishia, na atayumba na kila neno. Akiwa nazo, “sikuelewa kama wamerudiana” inakuwa habari njema, na “nilidhani ni wasichana wawili” inakuwa kazi ya usiku huo.

Maoni yakigongana, upangaji wa mhariri Walter Murch unasaidia. Alipoeleza nini kiamue mahali pa kukata filamu, aliipa hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na vilivyobaki, yaani mahali jicho linapotazama na jinsi vitu vilivyokaa katika nafasi, akavigawia kidogokidogo. Kwa video ya muziki ningeupandisha mdundo juu ya hadithi bila kusita. Lakini hisia ingebaki kileleni, na mkato unaovunja hesabu huku ukiigusa roho ya wimbo ningeuacha.

Wakati nao una sheria yake. Maoni juu ya wazo lililo kwenye karatasi ni dhaifu, kwa sababu kila mtu anahukumu video aliyoiunda kichwani mwake. Maoni juu ya video iliyokamilika huja wakati mwigizaji ameshanyoa nywele na nguo zimesharudishwa. Rasimu ya kwanza ya uhariri, rangi zikiwa bado mbichi, ndiyo mahali pake, mradi ratiba imebakiza siku moja ya kurudi kupiga picha. Siku hiyo ndiyo hukatwa kwanza mambo yanapobana, na ikikatwa, maoni yote yanabaki kuwa majuto.

Mwenye wimbo yuko kando. Huyo si mtazamaji. Ameukabidhi wimbo wake, na akisema picha fulani inamdhalilisha au inapotosha maneno yake, hilo ni suala la makubaliano kati ya watu wawili. Lisihesabiwe pamoja na kura za darasa.

Kinachonikera ni namna jambo hili linavyosahihishwa mashuleni. Mwanafunzi anajua anahitaji ushahidi wa maoni, kwa hiyo video ikiisha anatuma dodoso kwa marafiki, anachora chati ya duara, anaandika kwamba asilimia kubwa walifurahia. Hakuna fremu moja iliyosogea. Afadhali mwalimu adai maoni matatu tu: moja lililofuatwa, moja lililotafsiriwa upya, na moja lililokataliwa, kila moja likiwa na sababu na muda wake kwenye video. La kukataliwa lingeweza kusomeka hivi: “Wanne walisema picha ya mlango ya sekunde 9 ni ndefu. Nimeiacha, kwa sababu mwimbaji anamsubiri mtu asiyekuja. Lakini nimeitoa picha tulivu iliyoitangulia, maana nimegundua waliianza wakiwa wameshachoka.” Aya kama hiyo ipewe alama nyingi kuliko chati yoyote, hata kama mwalimu mwenyewe angeukata mlango ule.