Kivuko cha Ukara: nani anawahesabu wanaobaki gatini?

Tangu kivuko MV Nyerere kipinduke hatua chache kutoka gati la Bwisya, kisiwani Ukara katika Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, kauli moja haikosi kila zinapozungumzwa ajali za majini: abiria wenyewe ndio wanaojijaza. Hawaambiliki, wana haraka, chombo kinaonekana kabisa kimejaa na bado wanadandia. Kauli hiyo ina ukweli wake. Ila nimegundua kwamba inapendwa zaidi na watu ambao wakikosa daladala moja wanapanda nyingine baada ya dakika kumi.

Tuziangalie hesabu zenyewe. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliopoteza maisha walizidi 220, na waliookolewa walikuwa 41. Maana yake ndani mlikuwa na watu zaidi ya 260. Wachambuzi wengi huishia hapo: idadi ilizidi mara mbili na nusu, basi, kosa limejulikana. Mimi hunisumbua namba ya upande wa pili. Tuseme siku ile sheria ingefuatwa barabara, mkata tiketi akafunga geti alipofika mtu wa 101. Watu zaidi ya 160 wangebaki Bugolora, gati la kisiwa cha Ukerewe kilikotoka kivuko. Wangefanya nini?

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Anayejua magulio ya visiwani anajua yanavyokwenda: kwenda watu huenda kwa mafungu, huyu alfajiri, yule saa nne, kurudi wanarudi wote kwa mkupuo mmoja, na kila mmoja ana mzigo wake. Mama wa Ukara aliyeuza vitu vyake na kununua debe la mahindi hana ndugu Bugolora wa kumlaza. Fedha ya gesti ndiyo faida yake yote ya siku. Nyumbani kuna watoto na kuna ng'ombe wa zizini; Ukara ardhi ni finyu mno na watu ni wengi, ng'ombe hukatiwa majani na kulishwa bandani, hawaendi kujichungia wenyewe. Kwa hiyo mama huyo halali Bugolora. Ama anajipenyeza kivukoni, ama anateremka mwaloni kutafuta mtumbwi wa injini.

Mtumbwi huo hauna orodha ya abiria. Majaketi okozi mara nyingi hayapo, au yapo mawili ya kumwonyesha askari. Ukizama, hakuna anayejua aanze kuhesabu kutoka wapi. Julai 2023 mitumbwi iliyobeba waumini ilizama upande wa Bunda, ng'ambo tu ya Ukerewe, wakafa watu zaidi ya kumi. Habari ilidumu siku chache magazetini ikaisha. Ndiyo maana nasema kukaza idadi ya abiria kivukoni, bila kugusa idadi ya safari, kunaitoa hatari mahali inapoonekana na kuipeleka mahali isipoonekana. Takwimu za kivuko zitapendeza. Ziwa litakuwa lilelile.

Wanaodai sheria ikazwe, tusiwaonee, wana hoja nzito kuliko hiyo ya ukaidi wa abiria. Rais Magufuli mwenyewe alisema usukani wa MV Nyerere siku ile ulikuwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo. Huo si uhaba wa safari, ni uzembe, na kuongeza ratiba hakuuondoi. Tena mlikuwa na shehena: mahindi, saruji, na watu waliosogea upande mmoja kivuko kilipokaribia gati ili wawahi kushuka. Chombo kilichozidiwa hakisamehe kitu kama hicho. Na tangu kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 hadi ile ya Spice Islander mwaka 2011, tumerudia aibu ileile ya kubishana baada ya mazishi kuhusu idadi ya waliokuwemo. Kadi za kielektroniki za nauli, N-Card, zinazotumika kwenye vivuko vya Kigamboni, Dar es Salaam, zinaweza kuimaliza aibu hiyo, na sioni sababu ya mtu kuzipinga.

Hoja yao ya pili ni gharama. Ukerewe ni wilaya ya visiwa 38, na kila kisiwa chenye watu kinataka kivuko. Nauli ya mwananchi ni ndogo, mafuta ni bei ghali, na siku isiyo ya gulio kivuko kinaweza kuvuka na watu wachache na pikipiki mbili. TEMESA, wakala wa serikali anayeendesha vivuko, wakiulizwa kwa nini wasiongeze safari, wana jibu la kimahesabu. Lakini jibu hilo linapigiwa hesabu siku ya kawaida, na watu hawafi siku ya kawaida. Wanakufa siku ya gulio, siku ya msiba, siku ya harusi. Hakuna anayeomba safari kumi kila Jumanne.

Kweli, baada ya ajali serikali ililetea njia ile kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II, cha abiria 300 na tani 100. Kwa karatasi, umati wa siku ile ungeenea. Ni hatua kubwa na inastahili shukrani. Ila kivuko kimoja, hata kiwe kikubwa namna gani, ni kimoja: kikienda matengenezo kisiwa kizima kinarudi kwenye mitumbwi. Kigamboni pantoni zikisumbua kuna daraja tangu 2016, na mwaka 2025 zikaletwa boti za Azam kusaidia. Sioni kampuni itakayokuja Bwisya kugombania abiria. Kwa njia kama hii ningechagua vyombo viwili vya watu 150 kuliko kimoja cha 300, hata kama ujenzi wake ungezidi bei kidogo.

Daraja la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza lilipofunguliwa Juni 2025, hamu ya daraja la Kisorya–Rugezi, la kuiunganisha Ukerewe na nchi kavu, iliongezeka, na Wakerewe wana haki ya kulidai. Kwa Mkara halitabadilisha sana mambo. Atafika Mwanza kwa urahisi akishafika Bugolora.

Kuna jambo moja lililofanyika ambalo halitajwi sana kwenye mjadala huu. Sehemu ya fedha za rambirambi ilitumika kujenga majengo ya Kituo cha Afya Bwisya. Nadhani huo ulikuwa uamuzi bora zaidi wa usalama wa majini kuliko makaripio yote yaliyotolewa kwa abiria, kwa sababu mjamzito anayejifungulia Bwisya hayumo kwenye foleni ya kivuko wala kwenye mtumbwi wa usiku. Tungeweza kuendelea hivyo: huduma nyingine ngapi zinamvusha Mkara bila sababu, ya benki, ya mahakama, ya pembejeo?

Na gatini, ningeomba kitu kidogo. Mkata tiketi anaandika waliopanda. Aandike pia waliobaki, siku za gulio tu kwa kuanzia, na daftari hilo lifike TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kila mwezi pamoja na la abiria. Waliobaki wakifika nusu ya uwezo wa kivuko, nahodha awe na amri na mafuta ya kuwarudia jioni hiyohiyo.