Bibi aliyesema hana presha

Jumatatu moja mwezi uliopita nilikuwa meza ya vipimo, na zahanati yetu huku pwani Jumatatu foleni inatoka mlangoni inaenda mpaka chini ya mwembe, akafika bibi mmoja hivi umri wa mama yangu mkubwa. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Nikamwambia naomba mkono bibi nikupime presha. Akauvuta mkono akauingiza ndani ya kanga, akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu mimi sina presha, kilichonileta ni miguu."

Nikambembeleza akakubali, nikamfunga ule mkanda, mashine ikasoma 178 kwa 104, iko juu sana. Nikamwacha atulie dakika 5, nikarudia, ikaja 176 kwa 104. Nikafungua daftari lake nikakuta ziara ya nyuma mwenzetu mmoja kaandika "hana historia ya presha", na wala sihitaji kuambiwa ilivyokuwa, alimuuliza una presha, bibi akajibu sina, kalamu ikaandika, anayefuata aingie.

Hii kitu imenikaa kichwani tangu siku ile ndo maana naandika. Kwa sababu ukikaa ukafikiria vizuri, bibi hakudanganya. Kitabu nilichosomea mimi kinasema presha ni ile nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, kwahiyo kila anayepumua anayo, wewe unayesoma hapa unayo, mtoto aliyezaliwa asubuhi anayo. Lakini kwa Kiswahili cha nyumbani presha ni ugonjwa, mtu "ana presha" maana yake ni mgonjwa, na kuna ya kupanda na kuna ya kushuka, na tena kuna ile ya mtu anakwambia usinipe presha bwana, au mechi ya jana ilitupa presha. Sasa mimi namwambia mtu mzima nataka kukupima presha, yeye anasikia nataka kumpima ugonjwa ambao hana, anaona namwonea. Tulikuwa tunaongea lugha mbili na wote tulidhani ni moja.

Na wenzangu wa fani hii wengi jibu lao ni lilelile, watu hawaelewi, watu waelimishwe. Mi nakataa. Maana za kwenye vitabu vyetu zilitengenezwa na watu, kwa ajili ya kazi fulani, na zinabadilishwa. Novemba 2017 vyama vya wataalamu wa moyo Marekani vilikaa vikashusha mstari wa presha ya kupanda kutoka 140 kwa 90 mpaka 130 kwa 80, na kwa mstari huo mpya watu wazima wenye presha kule wakatoka kama asilimia 32 mpaka kama asilimia 46. Hakuna aliyekula chumvi zaidi usiku ule, kilichobadilika ni maana ya neno. Shirika la Afya Duniani likabaki na 140 kwa 90 na huku kwetu ndo tunayotumia, kwahiyo mtu mwenye 134 kwa 84 akipanda ndege kutoka Dar akashuka New York kashuka mgonjwa. Sukari nayo ni hivyohivyo, mpaka miaka ya 90 mstari wa mtu aliyepimwa kabla hajala ulikuwa 7.8, ukashushwa ukawa 7.0. Mi sisemi walikosea, walikuwa na sababu zao nzuri tu, za kuwahi watu kabla figo na moyo havijaharibika. Nachosema ni kwamba kama sisi tunaruhusiwa kubadilisha maana ya neno kulingana na kazi tunayotaka neno lifanye, basi na bibi ana haki ya maana yake, maana na yeye neno linamfanyia kazi.

Chukua homa. Kule Leipzig Ujerumani kulikuwa na daktari anaitwa Carl Wunderlich, alipima joto la kwapani la maelfu ya wagonjwa, na mwaka 1868 akatoa kitabu, na ile 37 tunayoijua wote kama joto la kawaida la mwili imetokea kwake. Kwahiyo kwetu homa ni namba. Nyumbani homa ni mwili mzito, baridi, viungo kuuma, mdomo mchungu, na namba haipo kabisa. Kule Kenya ndo kabisa, nilisoma na dada mmoja wa Mombasa, asubuhi ya kwanza bwenini akasema ana homa nikamkimbizia kipimajoto, kumbe mwenzangu ana mafua tu, anapiga chafya. Halafu ukija kwenye majina yenyewe ya magonjwa, homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, unakuta mtu ana homa ya ini na mwili hauna joto hata kidogo, miaka na miaka, na unapomwambia ana homa ya ini anakujibu mbona sijisikii homa. Jina la kwenye kitabu ndo linamdanganya hapo.

Kuna sehemu moja waliotunga miongozo walinifurahisha sana. Mwongozo wa kutibu watoto chini ya miaka 5 unasema mtoto ahesabiwe ana homa kama mama yake amesema alikuwa na joto, au ukimshika mwili una joto, au kipimajoto kimesoma 37.5 na kuendelea. Yaani neno la mama limewekwa mstari mmoja na kipimajoto. Aliyeandika vile aliwahi kukaa na akina mama, alijua mtoto anaweza kuwaka usiku kucha halafu akifika kituoni saa 4 asubuhi kapoa.

Na malaria je. Jina lenyewe limetoka kwa Waitaliano, hewa mbaya, maana walidhani ugonjwa unatoka kwenye harufu ya mabwawa, mpaka mwaka 1880 daktari mmoja Mfaransa, Laveran, akawaona wadudu kwenye damu ya mgonjwa kule Algeria na 1897 daktari mwingine, Ross, akawaona ndani ya mbu kule India. Jina likabaki na uongo wake mpaka leo na hakuna anayelalamika. Lakini mgonjwa akisema "nina malaria" kabla ya kipimo, akimaanisha mwili unauma, tunamcheka. Na akitoka maabara anasema nimekutwa na malaria tatu, au malaria nne, kama mtu anayehesabu mayai, na ukweli ni kwamba hiyo lugha ameitoa kwetu, sisi ndo tuliosoma wadudu kwenye darubini tukamwandikia namba kwenye kikaratasi hatukumweleza ni namba ya nini.

Hapa sasa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna neno lililoua watoto. Degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 90, kwenye mradi wa vyandarua, wakaanza kwanza kuuliza watu wanaitaje magonjwa yao, na wakakuta kwamba malaria, au homa ya malaria, watu wanaijua vizuri, ni ya mbu, ni ugonjwa wa kawaida, unaenda hospitali unapewa dawa unapona. Degedege ni kitu kingine kabisa. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, hiyo ni pepo, imekuja kwa umbo la ndege, hiyo ni ya mganga, na tena ukimpeleka akachomwa sindano atakufa. Sisi tunajua degedege mara nyingi ni homa kali imepanda au ni malaria imeingia kichwani. Kwahiyo unaweza kusimama kijijini na spika kubwa ukatangaza malaria inaua, tumieni chandarua, na mama akakusikia akakuelewa kila neno, na akaona halimhusu, kwa sababu kinachoua watoto kwao sio malaria, ni degedege. Hakuna uvivu hapo wala ujinga. Neno letu lilikuwa limebeba vitu viwili na lake limebeba kimoja.

Bibi mzaa mama yangu alipoteza watoto wawili hivyo. Mpaka anafariki hakuwahi kusema walikufa na malaria, na angeulizwa na mtu wa takwimu kama aliwahi kupoteza mtoto kwa malaria angejibu hapana, na angekuwa mkweli.

Halafu kuna jina ambalo tumelitunga sisi wenyewe na linanikera kuliko yote, kifafa cha mimba. Ule ugonjwa hauhusiani na kifafa. Unatokana na presha kupanda mimba ikishavuka wiki 20, inapanda mpaka mama anapata mishtuko, na ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kuua wajawazito. Lakini tumeuita kifafa kwa sababu mishtuko inafanana, na kifafa mtaani kinajulikana, kikimshika mtu mnasubiri kimwachie, wengine hata kumshika wanaogopa wanadhani povu linaambukiza. Nimepokea mama mjamzito usiku kaletwa na bodaboda, kaanguka tangu adhuhuri, ndugu wanasema tulijua ni kifafa tukasubiri kipite. Tangu adhuhuri! Walisikia jina wakafanya ambacho jina linawaambia wafanye. Sasa nani hakuelewa hapo.

Kwenye fani zingine naona ni yaleyale ingawa hayaui. Mdogo wangu anasoma fizikia akaniambia kazi ni nguvu mara umbali, kwahiyo kuli aliyesimama tu na gunia la kilo 100 mgongoni, hajasogea, hajafanya kazi yoyote, nikamwambia kamwambie yeye. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mwenye chini ya miaka 18, sisi wodini mtoto mchanga anaishia siku 28, na mama yangu mimi nina miaka 41 bado ananiita mtoto. Hayo yanavumilika kwa sababu kila mtu anajua yuko wapi, hakimu hamwiti mama mahakamani ajibu kwa Kiswahili cha hakimu bila kumweleza. Aa, kumbe naye anafanya hivyo. Lakini hiyo waandike wanasheria.

Kwetu shida inakuja kwa sababu mgonjwa anakuja na maneno yake, anakutana na maneno yaleyale kabisa, sauti ileile, na anatoka akiamini tumeelewana. Bora hata lingekuwa neno geni angeuliza. Ukutani kwetu kuna bango limeandikwa jikinge na shinikizo la juu la damu, Kiswahili safi kabisa, na bibi yule alikaa chini ya bango lile saa nzima asijue linamsema yeye.

Sasa nimalizie habari yake. Baada ya ile 176 nilisogeza kiti nikaacha kumuuliza una presha, nikamuuliza bibi, umewahi kuambiwa na hospitali yoyote, hata zamani, kwamba damu yako inasukuma kwa nguvu kupita kiasi? Akafikiri. Akasema ehee, kumbe unasema ile. Ile niliwahi kuwa nayo, nilipokuwa na mimba ya huyu kitindamimba wangu, kichwa kinanigonga, nikilala naona nyota, nikajifungulia hospitali ya mkoa wakanipa vidonge nikanywa. Nikamuuliza na vidonge ukaviacha lini. Akanishangaa.

"Sikuviacha mwanangu. Nilimaliza dozi."

Dozi. Kwenye kitabu dozi ni kiasi unachomeza mara moja. Kwake yeye na kwa kila mtu ninayemjua nje ya zahanati, dozi ni dawa yote kuanzia kidonge cha kwanza mpaka cha mwisho, na ukimaliza dozi umepona, ndo tulivyowafundisha kwa miaka yote hii na malaria, maliza dozi, maliza dozi, dawa ya mseto siku 3 vidonge 24 usibakize hata kimoja. Akamaliza. Akapona. Akaulizwa una presha akajibu sina. Kitindamimba wake sasa hivi ana mtoto wa darasa la 4.

Nilichukua kalamu nikakata ule mstari wa mwenzangu, nikaandika chini yake alivyosema yeye, neno kwa neno, kichwa kinagonga, akilala anaona nyota, alimaliza dozi. Nikampeleka mwenyewe chumba cha daktari, nikamwambia na kwa daktari nako atakuuliza kuhusu dozi, mwambie hii ya sasa haina kumaliza. Akasimama mlangoni akanigeukia. "Haina kumaliza? Sasa hiyo si dozi mwanangu, hiyo ni chakula."

Tangu siku ile wagonjwa wangu wote wa presha nawaambia hivyo, hiki ni chakula, unakula leo na kesho unakula tena.