Guta la chaji Tanga: tupige hesabu kwanza ndo tucheke

Juzi kijiweni Ngamiani kijana mmoja wa boda alionyeshwa video ya baiskeli za mizigo za umeme huko Ulaya, zile zenye sanduku kubwa mbele, akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. "Si guta hilo, ila limechomekwa chaji!" Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Ila njiani narudi nyumbani nikawa najiuliza, kwani guta, hiyo baiskeli yetu ya mizigo ya magurudumu matatu, lina ubaya gani? Tanga hii mikate inafika dukani kwa baiskeli, samaki kwa baiskeli, maziwa, madafu, mkaa, mji wenyewe tambarare unaendesha kutoka Raskazone mpaka Ngamiani hujakutana na mlima wa kukutoa jasho, halafu sisi ndo wa kuona baiskeli ya mizigo kichekesho?

Sasa wanaopinga wana hoja na sizidharau. Bei kwanza. Nyingi za Ulaya zinauzwa kati ya euro 3,000 na 6,000, yaani hata kwa hiyo ya chini unapata boda mbili mpya na chenji inabaki. Halafu betri. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta, na mji ule ukaishia kupiga marufuku kuuza zisizopimwa usalama. Sisi huku tunavyopenda vitu vya bei chee, na umeme wa kuungaunga, hilo si la kupuuza. Joto letu nalo linazeesha betri haraka, na hewa ya chumvi inakula viunganishi vya waya. Na uzito: baiskeli ya mizigo ya umeme ya kawaida inabeba kilo 100 mpaka 200 hivi, kwa hiyo simenti muachieni Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu.

Wanaoitetea wao wana namba moja wanaipenda sana. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Westminster na shirika la Possible walichukua data za GPS za kampuni ya Pedal Me ya London wakakuta baiskeli ya mizigo inasambaza kwa kasi ya asilimia 60 zaidi ya gari la vani katikati ya mji, vifurushi 10 kwa saa dhidi ya 6. Namba tamu, na kila anayetaka kuuza hizi baiskeli anaanza nayo. Mimi nimeigeuzageuza na naona kwetu haikai. Vani ya London inachelewa kwa sababu ya foleni na kutafuta pa kupaki. Tanga foleni iko wapi? Tena hapa mshindani sio vani, ni boda, na boda hapaki, anasimama popote hata mlangoni kwako ukiwa unakula. Kwa mbio boda atashinda asubuhi, mchana na jioni.

Ila ukiiangalia tena hiyo hiyo namba kuna kitu ndani yake kinachosafiri mpaka huku, nacho ni kuunganisha mizigo. Chukua gesi. Mtungi wa kilo 15 ukiwa umejaa unafika kama kilo 30, boda anabeba mmoja, akijitahidi miwili, anaenda anarudi, anaenda anarudi, na kila safari ni mafuta. Baiskeli yenye sanduku inachukua minne, kilo 120, inazunguka barabara za namba za Ngamiani mara moja tu imemaliza. Hapo mwendo wa kilomita 25 kwa saa unatosha kabisa.

Na hesabu ya hela sasa, hii ndo inayoninyima usingizi. Betri ya wati-saa 500 ukiwa na mzigo tuseme inakupeleka kilomita 30. Kuijaza ni kama nusu uniti ya LUKU na kidogo, ambayo kwa bei za uniti za sasa ni shilingi 200 hivi. Pikipiki kwa kilomita hizo hizo inakunywa robo tatu ya lita, na petroli ikiwa inachezea 3,000 hapo ni zaidi ya 2,000. Ukienda kilomita hizo kila siku, tofauti ya 2,000 kwa siku, siku 26, inakuwa 52,000 kwa mwezi. Nzuri eeh? Haya rudi kwenye ile bei ya Ulaya, hiyo ya chini kabisa, igeuze shilingi halafu igawe kwa 52,000. Miaka kumi na zaidi, betri imeshakufa mara kadhaa. Kwa hiyo anayeniambia tuagize zile za kwenye video namwambia hapana.

Lakini nani kasema lazima tuagize baiskeli nzima? Fremu tunazo, mafundi wa kuchomelea tunao, guta la kukanyaga lipo mtaani tayari. Kinachokosekana ni mota ya kwenye tairi na betri iliyopimwa, basi. Hapo hesabu inabadilika kabisa.

Mahali pa kuanzia mi naona ni stendi ya mabasi ya Kange. Mzigo wa mama anayeuza vitenge kwa WhatsApp umetoka Dar na basi, umefika stendi, halafu kuutoa pale mpaka Chumbageni au Makorora wakati mwingine boda anataka hela inayokaribia aliyolipa kwenye basi. Kila mtu na boda wake, kila boda na kifurushi kimoja mapajani. Mizigo kumi ya njia moja ingepanda guta moja la umeme, kila mtu akachanga kidogo.

Boda watalalamika, na wana haki, maana hizo trip za Kange ni ugali wao. Ila wa kwanza kupewa usukani wa guta hilo si angekuwa boda huyo huyo? Njia anazijua, wateja wanamjua. Nilimrushia swali hilo yule kijana wa kijiweni, akanyamaza kidogo, akauliza, "Betri ikifa nanunua mi au tajiri?" Kicheko hakikuwepo tena, na mimi jibu sikuwa nalo.