Baiskeli ya mgonjwa wa saratani: tatizo ni kuendesha au ni umbali?

Mjomba wangu wa Urambo alirudi kutoka kwenye dripu ya tatu ya dawa za saratani akakuta baiskeli yake haipo. Mke wake alikuwa ameipeleka kwa jirani ikafungiwa stoo. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Kwetu Unyamwezini mgonjwa hulindwa kwa kulazwa: uji anapelekewa, jembe ananyang'anywa, na akionekana barabarani anakanyaga pedali, inayosemwa ni nyumba nzima. Mjomba alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Kabla ya kuugua alikuwa akienda Tabora mjini kwa baiskeli, kilomita zipatazo 90, analala, kesho anarudi. Akanipigia simu: "Daktari kasema nisifanye kazi nzito. Sasa mjomba, baiskeli ni kazi nzito?"

Hospitali aliyotibiwa hakuna aliyemuuliza kama anaendesha. Kadi yake ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kurudi, basi.

Wanaotaka apumzike wana hoja nzito. Dawa nyingi za saratani hupiga uboho, mahali damu inapotengenezwa, na mara nyingi damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo hizo kichefuchefu kinakuwa kimeanza kuondoka, na mgonjwa anajisikia kama amepona. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chache, kuanguka kwenye changarawe, jambo ambalo mtu mwenye afya angejipangusa vumbi na kuendelea, kunaweza kuleta damu isiyokatika. Doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo, bleomisini inaweza kuumiza mapafu, na saratani ikishaingia mifupani hata mtikisiko wa kawaida unaweza kuvunja. Halafu kuna oksaliplatini, dawa aliyopewa mjomba. Vidole vikigusa kitu cha baridi vinachoma na kufa ganzi. Anayeijua asubuhi ya Juni ya Tabora anajua chuma cha usukani kinavyokuwa saa kumi na mbili. Mtu asiyehisi vidole vyake atashikaje breki lori likimpita ubavuni?

Kwa hiyo simlaumu mke wa mjomba. Akianguka, atakayeuza mahindi kutafuta nauli ya kumrudisha hospitali ni yeye.

Ila kulala nako kuna gharama, na gharama hiyo haionekani haraka. Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi. Ukilala zaidi, misuli inapungua, na kesho yake hata kwenda chooni ni safari. Mwaka 2019 jopo la wataalamu lililoitishwa na American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, lilitoa kipimo: mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara tatu kwa wiki, yanapunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Wastani maana yake unaweza kuzungumza unapoendesha, lakini kuimba huwezi.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 2025, na unahusu ugonjwa wa mjomba hasa. Utafiti uitwao CHALLENGE, uliofanyika zaidi Kanada na Australia, ulifuatilia watu 889 waliokuwa wamemaliza upasuaji na dripu za saratani ya utumbo mpana. Nusu walipewa vijitabu vya afya, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wenye msimamizi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni asilimia 90.3 kwa waliofanya mazoezi na asilimia 83.2 kwa wenye vijitabu. Tofauti hiyo ni watu 7 katika kila 100. Zipo dawa za bei kubwa ambazo hazifiki hapo.

Nilipousoma nilitaka kumpigia mjomba usiku uleule. Nikasita, maana watu wale walianza baada ya dripu, hawakuanza katikati yake. Walikuwa na mtu wa kuwaongoza. Walichoongezewa kinakaribia kutembea kwa kasi chini ya saa moja, mara tatu au nne kwa wiki, na hata hivyo maumivu ya misuli na viungo yaliwapata asilimia 18.5 yao, dhidi ya asilimia 11.5 ya wenye vijitabu. Utafiti huu hauungi mkono kulala, na pia haumpi mtu ruhusa ya kukanyaga kilomita 90 akiwa na gunia la mkaa kwenye keria.

Wapenda mashindano hunitajia Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani aliyegundulika na saratani ya korodani mwaka 1996 akarudi mbioni. Ushindi wake wa Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ulifutwa mwaka 2012 kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, kwa hiyo kasi yake isiwe kipimo cha mgonjwa yeyote. Ninalochukua kwake ni moja: mapema kwenye matibabu, baada ya awamu ya kwanza ya dripu, bleomisini ilibadilishwa kwa dawa nyingine ili kulinda mapafu yake. Baiskeli iliingia kwenye mazungumzo ya daktari mapema. Hilo mkulima wa Urambo analistahili pia, na kwake baiskeli ni ya maji, ya asali kutoka porini, ya kwenda mnadani. Kumwambia "usifanye kazi nzito" bila kuuliza anabeba nini na kwa umbali gani ni kumwachia akisie.

Msimamo wangu ni kwamba wakati wa dripu aendeshe, lakini iwe fupi, bila mzigo, baada ya kupima damu, na asiende peke yake. Masafa marefu yasubiri hadi matibabu yaishe, kisha yarudi kwa kuongezwa kidogo kidogo, si kwa kiburi cha siku moja.

Kwa mjomba ilichukua wiki mbili za kubishana. Baiskeli ilirudi nyumbani mwezi wa nane, vishikio vimefungwa vitambaa kuzuia baridi. Mke wake alishika spana mwenyewe, akaifungua keria, akaiweka chini ya kitanda. Sasa jioni mjomba anakwenda hadi kisimani na kurudi, na mwanawe wa mwisho anamfuata kwa nyuma.