Vifaa Vyangu Vyote Vimepata Ajira

Mtu akikuona umebeba begi lenye kamba ishirini na mbili anaamini mambo yako safi. Hajui kwamba katika hizo kamba unajua kazi ya tatu tu, na begi lenyewe wiki ya tano sasa halionekani nyumbani.

Mimi ni afisa TEHAMA. Niliingia Dodoma na lile wimbi la watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam, nikapanga Nzuguni, nikaoa Mgogo wa Mvumi, nikazoea upepo. Kazi yangu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na ofisini inajulikana kwa maneno mawili: "Mtaalamu, njoo." Naitwa ghorofa ya tatu, printa imegoma. Napanda, nafika natweta, nakuta haina karatasi. Naweka karatasi, wananipigia makofi. Mtaani ndiyo usiseme. Baba mwenye nyumba alinigongea saa mbili usiku, friji lake haligandishi. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi ni wa kompyuta." Akaniuliza, "Kwani friji halitumii umeme?" Nikakosa la kujibu, nikaenda kulitazama. Nililitazama sana.

Wenzangu mshahara ukitoka wanakwenda Nala na Iyumbu kutafuta viwanja. Tukikaa kwenye chai mazungumzo ni hati, kitalu, mawe ya mipaka. Siku moja wakanigeukia: na wewe bwana, una nini hapa mjini? Nikasema nina taa ya kuvaa kichwani, lumeni 400. Meza ilinyamaza kama nimetangaza msiba.

Ndiyo, ninao huo ugonjwa. Nikiona kifaa kina zipu, kina chaji au kina neno "kisichopitisha maji", mkono unaingia mfukoni wenyewe. Mwaka jana nilijiaminisha kuwa mimi ni mtu wa milima. Nikanunua hema la watu wawili, begi la lita 60, fimbo ya kutembelea inayojikunja, pawabenki, saa inayohesabu hatua, na viatu vya mlima, ambavyo tutavifikia maana ndivyo vilivyonifikisha hapa. Mpango ulikuwa nipande milima. Kilichotokea ni kwamba kila kifaa, kimoja kimoja, kimeajiriwa na mtu mwingine. Mimi nimebaki na risiti.

Pawabenki iliondoka ya kwanza. Ubavuni imeandikwa 20,000 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, na hapo nitaomba mnivumilie dakika moja kama mtaalamu. Hizo elfu ishirini ni za ndani, kwenye volti 3.7. Simu inalishwa kwa volti 5, na katika kuipandisha hiyo volti kuna makato. Mwisho wa safari inatoka kama 12,000 au 13,000 hivi. Ni kama mshahara: kuna ule wa kwenye barua na kuna ule unaofika benki. Haya, hilo nimemweleza mke wangu mara nne, lakini yeye kila Jumamosi anaipeleka kwenye kikoba, wanawake kumi na wanne, kila mmoja na simu yake iliyobakiza asilimia sita. Inarudi jioni imezimika, ya moto kama chapati. Siku umeme ukikatika ninakaa gizani namtumia ujumbe mhasibu wa kikoba, kwa kile kiasi cha chaji nilichonacho, kumwomba anirudishie.

Nikisema gizani namaanisha gizani, maana ile taa ya kichwani nayo ina kazi. Usiku mmoja niliamka kwenda msalani nikaona banda la kuku linawaka mwanga mwekundu kama kuna mganga. Nikachungulia. Mke wangu ameivaa, amechuchumaa, ameshika yai kwa vidole viwili, amelibana juu ya tochi ndogo, analigeuza polepole. Akaniita kwa kunong'ona, "Baba watoto, njoo uone." Nikaona. Ndani ya yai kuna mishipa myembamba imetandaa kama mizizi, na katikati kidoa cheusi kinacheza. Siku ya saba ile. Lile lisilo na mishipa analitoa, lenye mishipa anamrudishia mama yake alalie mpaka siku ya 21. Mwanga mwekundu kiwandani waliuweka ili macho ya mpanda mlima yasipigwe na kiwi usiku. Mke wangu kagundua mwenyewe kwamba kuku wakiuona hawashtuki. Sasa mtu kama huyo unamnyang'anyaje taa? Tuna vifaranga thelathini na moja. Nimewahesabu kwa tochi ya simu.

Simu yenyewe imeandikwa IP68, alama ya kinga ya vumbi na maji. Ile 6 ni ya vumbi, maana yake haliingii hata chembe. Nilisoma jinsi wanavyopima: wanaiweka kwenye sanduku, wanaipulizia poda laini ya talki kwa saa kadhaa. Poda! Ile wanayopakwa watoto baada ya kuoga! Hao watu wangekuja Ihumwa mwezi wa nane, upepo ukiwa umeamua, wakaiona poda yetu. Kweli ndani haijaingia, sitaki kuwasingizia. Ila tundu la chaji kila Ijumaa nalichokonoa kwa kijiti cha meno, na kinachotoka humo ukikitilia maji unaweza kuziba ufa wa ukuta.

Begi la lita 60 alikwenda nalo shemeji yangu shule ya bweni. Alisema tranka zimepitwa na wakati. Fimbo ya kutembelea nilimwazima mzee wa jirani alipoumwa goti. Mwanzo aliicheka: fimbo gani inajikunja, na ukiitazama tu unajua haimpigi ng'ombe akasikia. Akapona goti. Sasa anaswagia mbuzi wake nayo, na ameirefusha mpaka alama ya mwisho.

Hema ndilo lililoniuma. Kwenye lebo limeandikwa milimita 3,000, yaani kitambaa kinahimili maji yenye kimo cha mita tatu kabla hakijaanza kuvuja. Dodoma hii mvua ya mwaka mzima, kwa wastani, hata milimita 600 ni za kubembeleza. Kwa hesabu za kihuni nilikuwa nimejiandaa kwa mvua ya miaka mitano inyeshe usiku mmoja. Mwezi wa tatu nikalisimamisha uani kulijaribu, nikaenda kazini. Siku hiyohiyo mama mkwe akaingia kutoka Mvumi na viroba viwili vya mlenda mbichi.

Narudi jioni. "Mbukwenyi, mama." Kanipokea vizuri, na sifa juu: "Mwanangu, umenijengea kichanja kizuri kweli, hata kuku hawaingii." Nikavuta zipu. Mlenda umelala pale nilipopanga kulala mimi. Umetandazwa kona hadi kona, umestarehe, kivuli juu, chandarua pembeni, na vidirisha vyote vimefunguliwa upate hewa. Nikafunga zipu taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Usiku nikapakuliwa huohuo, wa karanga, na ugali wa uwele, nikala nikaongeza. Huwezi kumnunia mama mkwe mdomo ukiwa unateleza hivyo. Alikausha viroba vile, vikaja vingine vya shangazi, vikaja vya jirani wa shangazi. Hema likapelekwa Mvumi moja kwa moja.

Nimebaki na saa. Saa haina wa kuichukua kwa sababu haina faida kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Inanitaka hatua 10,000 kwa siku. Nikadhani ni agizo la madaktari. Kumbe namba hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likimaanisha "kipimo cha hatua elfu kumi". Yaani biashara ya watu miaka sitini iliyopita ndiyo inayonigombeza mimi hapa Nzuguni. Lakini nimeipata dawa. Barabara ya kuingia kwetu ina makorongo, nikipanda bodaboda mkono unavyoruka saa inahesabu. Kuna siku nilifika nyumbani nimekaa kitako njia nzima, saa ikanipongeza kwa fataki.

Sasa viatu.

Nilivipata Sabasaba, kwenye mitumba. Muuzaji kaanza na 60,000, tumevutana mpaka 35,000. Aliapa ni vya Ujerumani, vimekanyaga theluji tu. Soli nzito, meno marefu, hata kamba zilikuwa mpya. Niliviweka kabatini kwa heshima zote nikisubiri safari, na safari ikaja mwezi wa tisa: watu saba wa ofisini, Noah ya kukodi, tunakwenda Kolo, Kondoa, kuangalia michoro ya miambani. Ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lami mpaka huko, vicheko njia nzima, na mimi nimekaa mbele nikitoa ushauri juu ya kunywa maji kidogokidogo.

Tukaanza kupanda. Dakika ya kumi na tano hivi nasikia nyuma yangu kitu kinapiga paa, paa, paa. Nageuka, hakuna mtu. Napiga hatua, paa. Soli ya kushoto imefunguka mdomo kuanzia kisiginoni, inanicheka. Nikainama nikaigusa, ikamegeka vidoleni kama andazi la juzi. Ya kulia ilivumilia mita hamsini zaidi, nayo ikaachia kwa kumsindikiza mwenzake.

Baadaye nilisoma. Ile tabaka ya katikati ni poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani inanyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka mpaka inaoza yenyewe, hata kiatu kikiwa kabatini. Tena kikikaa bila kuvaliwa ndiyo vibaya zaidi. Kwa hiyo zile heshima zangu zote za kabatini zilikuwa mazishi.

Mfukoni nilikuwa na zile tai za plastiki za kufungia nyaya, maana mtu wa mtandao hatembei bila hizo. Nikafunga nne kila mguu. Mawe yalizikata zote kabla hatujafika kwenye mwamba wa kwanza. Nikapekua begi la kompyuta, ndilo begi nililobakiwa nalo, nikakuta waya wa mtandao wa mita tatu. Nikaukata katikati kwa wembe wa kiongozi wetu, nikazungusha, nikakaza. Mhasibu akaniuliza kama nimepata intaneti mguuni. Mwingine akataka nenosiri. Huo utani haujaisha mpaka leo ninapoandika.

Lakini tulifika, na niseme ukweli, pale nilisahau miguu. Watu warefu wembamba, wekundu, wenye vichwa kama wamesuka mitindo ambayo hata saluni za Majengo hawaijui. Twiga. Pofu. Kiongozi akatueleza habari za Mary Leakey, yule mwanaakiolojia, aliyekuja mwaka 1951 akafanya kazi ya kuinakili kwa mkono, mchoro kwa mchoro. Nikatoa simu nipige japo mbili. Nafasi imejaa. Imejaa nini? Zile video za maua na mishumaa za "asubuhi njema" kutoka kundi la ofisi, gigabaiti kumi na moja. Nikakaa chini ya mwamba nikaanza kufuta asubuhi njema moja baada ya nyingine mpaka wenzangu wakashuka.

Niliporudi mjini nikavipeleka kwa fundi viatu pale Majengo. Akavitazama, akamtazama muuzaji wa ndizi wakacheka wote, akaniambia juu ni vizima ila chini nilikuwa nimevaa biskuti. Akakata tairi la gari, akashona kwa uzi wa nailoni, elfu nane. Nikikanyaga vumbi inabaki alama ya tairi. Wiki ya kwanza jirani alishinda akiuliza ni nani anayepita na bajaji uani kwake alfajiri. Navyo ni imara, jamani. Nikasema basi, hiki ndicho kifaa changu, hiki hakina chaji, hakianiki mlenda.

Wiki jana akaja baba mkwe. Akavikuta mlangoni. Akakipindua kimoja, akakuna tairi kwa ukucha, akaguna. Akakipindua cha pili. Akaingiza mguu. Akatembea mpaka kwenye mpapai na kurudi, amenyooka kuliko alivyokuja. "Baba," akaniambia, "hivi sasa ndiyo viatu."

Mkwe akisema hivyo kuna jibu jingine? Nikamsindikiza stendi nikiwa na yeboyebo za mke wangu, vidole viwili nje. Basi halijaondoka vizuri simu ikaita, ni mhasibu wa ofisini. Kuna safari ya Mlima Hanang, mita 3,420, watu kumi wameshajiandikisha.

"Na wewe ndiye tunayekutegemea," akasema, "si unavyo vifaa vyote?"

Nikamwambia vipo. Wapite Mvumi kwanza, waanze kwa kumsalimia mama, na wasiguse hema kabla mlenda haujakauka.