Kuku wa Majanini Hajilishi Mwenyewe

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, aliinua plato yangu ya mayai, akaitazama, kisha akairudisha mezani taratibu. "Papa, mbona bei iko juu hivi? Kuku wako si wanajitafutia chakula porini?" Hakusema kwa ubaya. Alisema jambo ambalo karibu kila mtu wa Lubumbashi analiamini: kuku anayetembea nje anajilisha, basi yai lake halimgharimu mwenye kuku kitu. Nilimjibu maneno mawili matatu kwa sababu wateja walikuwa wanangoja. Hapa nataka kumjibu kama alivyostahili kujibiwa.

Nina kuku 150 wa mayai, wale wekundu, kando ya barabara ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Kiwanja ni cha baba. Alikinunua kwa pesa aliyopewa alipoondoka Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliowahusu wafanyakazi zaidi ya 10,000. Alitaka kuchoma makala, yaani mkaa, na kulima mihogo. Mimi ndiye niliyeleta kuku, na mwanzoni nilikuwa na imani ile ile ya mama wa Kamalondo.

Kuku mmoja anayetaga anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 150 ni kilo 18. Kwa mwezi ni kilo 540: mahindi, soya, dagaa wa kusaga, chokaa na chumvi kidogo. Nilipoanza kuwafungulia wakatembee kwenye majani, niliamini hesabu hiyo itashuka hadi nusu. Nikanunua mzani, nikapima kila asubuhi na kila jioni. Mwezi wa kwanza wa mwaka, mvua zikiwa zimekolea na wadudu wamejaa kila mahali, walikula kilo 16 kwa siku. Kilo mbili tu ndizo walizojitafutia. Mwezi wa nane, nyasi zimekauka na nyingine zimechomwa moto, walikula kilo 18 zote na kuniangalia kama wanadai zaidi.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Kuku si mbuzi. Tumbo lake halijui kugeuza nyasi kuwa nguvu. Anachokipata kule nje ni panzi, mchwa, mbegu na machipukizi machanga. Vitu hivyo ni vizuri sana kwake, lakini havijazi pengo la mahindi. Siku ya furaha yao kubwa ni ile jioni ya mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka, wale ambao wengi hapa tunawaita inswa. Kuku wanakimbia huku na huku midomo wazi, wanashiba mpaka vifuko vya shingoni vinavimba, na kesho yake chakula kinabaki kwenye vyombo. Watu wa Katanga tunaishi katikati ya vichuguu virefu kama nyumba, na kila mara nikibomoa kidogo kimoja cha pembeni, ndege wangu wanaifanya kazi iliyobaki. Ningependa siku za namna hiyo ziwe 300 kwa mwaka. Hazizidi kumi.

Na kupeleka kuku nje kuna kazi ambayo kuku wa ndani haijui. Kila baada ya siku saba nahamisha kibanda cha magurudumu pamoja na uzio wa waya, ili wasikanyage kinyesi chao wenyewe na kuokota minyoo na vijidudu vya kuhara damu vinavyokaa udongoni miezi na miezi. Kipanga anapita juu saa nne asubuhi kama mtu mwenye ratiba. Nguchiro anakuja chini. Siafu wanakuja usiku wa mvua, na hao ukichelewa kuwasikia asubuhi unakuta mifupa. Mtu lazima alale pale. Mtu huyo analipwa, anakula, anaugua, ana watoto wanaosoma.

Sasa mahindi. Sehemu kubwa ya mahindi tunayokula Lubumbashi inatoka Zambia, na kuku wangu wanakula mahindi yale yale ya bukari yetu, yaani ugali. Mwezi wa pili mwaka 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mashamba yao yalikauka, na sisi huku tukaanza kuhesabu. Nilikuwa na kuku 220 wakati huo. Kila nilipomimina gunia nilifikiria majirani zangu waliokuwa wananunua unga kwa kikombe. Nilikuwa nampa kuku kilichokosekana kwenye sahani ya mtoto, na sijapata jibu zuri la jambo hilo hadi leo. Niliuza kuku 70 wakachinjwe, nikabaki na 150, nikaanza kuchanganya pumba nyingi zaidi za kinu. Utagaji ulishuka. Sijutii.

Jambo linalonikera zaidi kuliko bei ni jinsi sisi wafugaji tunavyosema "mayai ya kuku wa nje" kana kwamba neno "nje" peke yake ni dawa. Nje wapi? Juu ya udongo gani?

Kuku anayedonoa ardhini anameza ardhi. Chembe za udongo zinaingia na kila mdudu, na vijiwe anavichukua kwa makusudi, anavitunza kwenye firigisi visage chakula. Na mji wetu umezaliwa kwenye tanuri la shaba. Lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, ule wa kiangazi, ukawa unaangukia upande wa kaskazini-magharibi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wamepima udongo wa huko, wakakuta shaba nyingi, zinki, na metali zenye sumu, risasi na kadimiamu. Kuna sehemu miti ya miombo ilikufa na haikurudi. Pale penye udongo uliojaa shaba huota ua ambalo wazee waliotafuta madini walilijua vizuri, Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Ukiliona limejaa mahali, usipeleke kuku wako hapo.

Risasi ndiyo inayonitia hofu. Kuku anaweza kuimeza na aendelee kutaga bila dalili yoyote, huku sehemu yake ikienda kwenye kiini cha yai. Anayeumia ni mtoto anayekula yai hilo kila asubuhi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua, na mama yake amemnunulia yai kwa kuamini kwamba anamjenga. Kabla ya kuleta kifaranga cha kwanza nilichukua udongo sehemu sita za kiwanja, nikaupeleka maabara. Malipo yake yalinikosesha vifaranga 30. Majibu yalikuwa mazuri, nikalala. Kwa hiyo nasema wazi, ingawa naharibu soko langu mwenyewe: kama lupango lako, yaani kiwanja chako, liko upande ambao moshi uliangukia, fuga kuku wako ndani, juu ya saruji na maranda. Yai la kuku huyo aliyefungiwa ni salama kuliko yai la kuku anayeparua udongo wako. Atakayekuambia kwamba kufungulia kuku ni vizuri kila mahali hajawahi kuufikiria mji huu.

Mwaka wa pili nilipoteza kuku 90 kati ya 120 ndani ya siku sita. Ilikuwa kideri, ambacho madaktari wa mifugo wanakiita Newcastle. Kwanza waliacha kula, wakaanza kuhara kijani, kisha shingo zikapinda, wengine wakawa wanazunguka mahali pamoja mpaka wanaanguka. Nilikuwa nimewachanja. Chupa ya chanjo niliinunua dukani mjini, mtaa ambao umeme ulikuwa umekatika siku mbili, na sikuuliza. Chanjo nyingi za kideri zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye jicho la kuku inakodondoshwa, na ikishapata joto unachodondosha ni maji tu. Tuliwazika kwenye shimo moja refu nyuma ya mihogo. Mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka 14, alikataa kula kuku mwaka mzima. Siku hizi naenda na sanduku la barafu, naomba nionyeshwe friji kabla ya kulipa, na nikiipata ile chanjo ya I-2 inayovumilia joto kidogo naichukua hiyo. Narudia chanjo kila baada ya miezi mitatu. Kuku wa nje anakutana na njiwa, na kanga wa jirani, na viatu vya wageni. Ukuta wake ni chanjo tu.

Kiangazi kina habari yake pia. Mwezi wa sita usiku huku ni baridi kweli, na mchana ni mfupi kidogo kuliko saa 12. Kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 14 na zaidi ili atage vizuri. Siku nzuri za mwezi wa kwanza nakusanya mayai 115. Mwezi wa sita nashuka hadi 80, hata nikiwasha taa ya sola alfajiri. Na ndipo wateja wanapoanza kulalamika: kiini kimekuwa cheupe! Wanadhani nimenunua mayai ya watu nikawauzia. Ukweli ni kwamba mahindi yetu ni meupe, hayana ile rangi inayofanya kiini kiwe cha manjano. Rangi ile inatoka kwenye majani mabichi, na kiangazi majani hakuna. Nimejifunza kukata matembele na lengalenga kwenye bustani ninayomwagilia, naning'iniza mafungu ndani ya uzio, na kiini kinarudi polepole. Lakini sitaki kumdanganya mtu kwamba yai la mwezi wa nane lina sura ya yai la mwezi wa pili.

Kuhusu mayai ya Zambia, wafugaji wenzangu wengi wanataka mpaka ufungwe. Mimi sitaki. Malori yanayoyaleta yanapita mbele ya geti langu, na nimeyatazama miaka mingi: shaba inakwenda, mahindi na mayai yanakuja. Tukifunga Kasumbalesa leo, kesho watoto wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa mjini, watakosa yai kabisa, kwa sababu wafugaji wote wa hapa tukijumlishwa hatuwezi kulisha mji huu. Na vifaranga wangu wa siku moja wanatoka huko huko. Ninachoomba ni kitu kidogo zaidi: kila yai liwe na tarehe. Mimi naandika tarehe kwa kalamu ya risasi juu ya kila ganda, jioni, tukiwa tumekaa na mdogo wangu kwenye benchi. Mteja akijua yai langu lina siku mbili na lile lingine lina siku kumi na tano, achague mwenyewe na pesa yake.

Kwa nini basi naendelea? Nenda nyuma ya kibanda changu utaona. Udongo wa Katanga ni mwekundu, mchachu, umechoka. Baba alikuwa anapanda mahindi pale na mahindi yanasimama kwenye magoti. Sasa kila ukanda ambao kuku wamelala kiangazi, mwezi wa kumi na moja tunapanda mahindi, na mwaka jana mstari ulionekana toka mbali: upande wa kuku mahindi yalinipita kichwa, majani ya kijani kizito, na upande mwingine yalikuwa ya njano yamekata tamaa. Tulivuna magunia tisa kwenye ukanda ule, tukawarudishia kuku. Kwa uzito ni chakula cha siku 25, kilo 450 ambazo hazikupita mpaka. Baba alikuja akasimama pale muda mrefu, akavunja hindi moja, akalimenya, akaniambia tu, "Mwaka ujao wapeleke hadi kule kwenye mti wa musuku."

Ndiko waliko sasa. Na wewe mama wa Kamalondo, ambaye sikukujibu vizuri: ukiwa unapita kwenda Kasumbalesa, shuka uje. Njoo mapema, saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo saa ninayopima chakula. Mzani utausoma wewe mwenyewe.